Chungu cha Matundu Ishirini na Saba

Jamani, nimechoka. Tangu nirudi siwezi kwenda gulioni wala kutoka kanisani bila mtu kunishika mkono: haya Nakijwa, tuambie, huko Kanada ilikuwaje? Nikimsimulia huyu, yule ananuna kwamba nimemnyima. Na mimi ni Mpare, kesi ikishaamuliwa sipendi kuirudia. Kwa hiyo nimechukua daftari la mjukuu wangu, lile lililobaki kurasa nyingi kwa sababu mwenyewe hapendi hesabu, nimekaa hapa jikoni naandika. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Habari za viza na fomu msizitegemee humu. Dilip, aliyenialika, alizishughulikia zote, mimi nilitia sahihi pale alipoweka alama ya kalamu. Na najua swali lenu hasa ni lipi. Wenzangu wakitoka ng'ambo wanaleta simu na viatu, mimi nikaleta dagaa. Tulieni. Tutafika huko.

Usangi hadi KIA

Wengi wenu mnamjua Ba Kokila, au mama zenu walimjua. Ndiye yule Mhindi wa duka la vitambaa Moshi, mke wa marehemu mzee Jayanti. "Ba" kwao ni mama, na sote tulimwita hivyo. Kila mwaka kabla ya siku zao tisa za kumsherehekea mungu wao wa kike, wanayemwita Mataji, Ba alikuwa akiagiza kwa mama yangu chungu kidogo chenye matundu pande zote. Mama alidhani ana kichaa. Mtu mzima na akili zake anaagiza chungu kinachovuja? Lakini hela ni hela, akakitengeneza. Mwaka wa tatu ndipo Ba alipomwingiza ndani akamwonyesha: wanaweka taa ya samli humo ndani, mwanga unatokea kwenye yale matundu, wanawake wanacheza wakikizunguka. Wao wanakiita garbo. Mama alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo matundu ya Ba alikuwa akiyatoboa kwa mwiba badala ya kijiti, ili yawe safi. Ishirini na saba, sijui kwa nini hiyo idadi, ndivyo alivyoagiza. Mama alipokufa nikashika kazi mimi.

Ba akahamia Kanada na watoto wake, nikasahau matundu. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2013, Dilip mwanawe akanipigia simu. Macho ya mama yake yanakwisha. Daktari amesema akivuka baridi ya mwaka huo bado anaona, ashukuru. Na Ba alikuwa amemwahidi Mataji kwamba kabla macho hayajafunga atamwashia taa mara moja tena katika chungu cha Nakijwa, aione. Nikatengeneza, nikapeleka posta. Kikafika vigae. Nikatengeneza cha pili. Dilip akasema hiki cha pili uje nacho mwenyewe mkononi, Mama, tiketi juu yangu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kosa langu limeanzia hapa. Sisi hapa mtu haendi kwa mwenzake na chombo kitupu. Mnajua wenyewe. Ukiletewa bakuli la maharage, hulirudishi hivi hivi, unaweka hata limau. Ba mwenyewe alikuwa hivyo. Kikapu cha mama yangu hakikuwahi kutoka dukani kwake kitupu, mara sukari, mara kipande cha kanga. Mimi leo niende kwake Kanada na chungu kitupu? Isitoshe Elia, mtoto wa kaka yangu anayeishi Toronto, alikuwa ananililia dagaa miaka sita. Dagaa ukiwafunga kwenye plastiki wanatoa jasho, wanaoza. Chungu kinapumua. Na hiki changu kilikuwa na matundu ishirini na saba ya kupumulia.

Nikawajaza. Dagaa wa bwawa letu la Nyumba ya Mungu, wakavu safi, mpaka shingoni. Nikafunika kwa jani la mgomba, nikaweka chungu kwenye kikapu, nikajisifu kwamba nina akili. Vichwa viwili vitatu vya dagaa vilikuwa vinachungulia kwenye matundu. Nikavirudisha ndani kwa kidole.

Adis Ababa, siku isiyokuwa kwenye tiketi

Ndege ya kwanza haikunisumbua, ila dada mmoja wa ndege alitaka kukiweka kikapu juu kwenye kabati. Nikamwambia hapana. Akasema ni sheria. Nikamwambia mimi natoka Upareni, sheria nazijua, anitajie kifungu. Mwishowe tukakubaliana kikae chini ya kiti cha mbele yangu, nami nikibane kwa miguu. Nilifika Adis Ababa magoti yamekufa ganzi.

Ndege ya Toronto ikapata hitilafu. Tukapelekwa hotelini siku nzima, wawili wawili chumbani. Mimi nikapangwa na bibi mmoja wa Kihabeshi, naye anakwenda Toronto kwa binti yake, kavaa nguo nyeupe na shuka nyeupe mabegani. Hajui Kiswahili, mimi sijui cha kwao, Kiingereza chake ni cha salamu, changu ni cha kubahatisha. Tukazungumza kutwa nzima kwa mikono na tukaelewana vizuri sana, au ndivyo nilivyodhani. Nilijua ana watoto saba. Baadaye kumbe watoto ni wanne, saba ni miaka ya ujane.

Ikawa Jumatano. Mchana bibi yule akaanza kunusa. Akanusa kitanda, akanusa dirisha, akafika kwenye kikapu changu. Akaziba pua kwa shuka, akanyoosha kidole kwenye chungu, akatikisa kichwa, akaonyesha juu mbinguni. Nikamwelewa mara moja: bibi wa watu ana njaa, amesikia harufu ya kitoweo, anamshukuru Mungu. Nikachota dagaa kiganja kizima nikamwekea kwenye sahani.

Aliwatazama wale dagaa kama mtu aliyepewa nyoka. Ndipo mhudumu aliyeleta chai akanieleza kwamba Jumatano na Ijumaa wenzetu wale hufunga, hawagusi chochote cha mnyama, na bibi alikuwa akiniomba nikitoe kile kikapu nje ya chumba anachosalia. Niliona aibu. Nikakiweka kikapu bafuni. Jioni bibi akanimegea chakula chake cha mfungo, ule mkate wao mpana wa uchachu na dengu juu, akanilisha kwa mkono wake mwenyewe tonge la kwanza, tukasameheana.

Tazameni sasa. Mungu alinipa onyo wazi kabisa, kwa mkono wa mtumishi wake, na shuka nyeupe juu. Nami badala ya kujiuliza watu ninaokwenda kwao wanakula nini, nikawaza tu kuwa Wahabeshi wana masharti. Niliuza vyungu kwa Ba zaidi ya miaka ishirini. Nilijua fika kwamba nyumba ile haijawahi kupika hata yai.

Toronto, mezani kwa afisa

Tukafika Alhamisi asubuhi. Siku tisa zilikuwa zinaanza Jumamosi jioni, kwa hiyo bado nilikuwa na nafasi, moyo umetulia. Afisa wa forodha, kijana mpole mwenye miwani, akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia kuleta chungu. Akaniuliza kingine. Nikamwambia hakuna kingine.

Akakitoa kwenye kikapu, akakigeuza geuza, akamulika tochi kwenye tundu moja na kuchungulia kwenye jingine. Akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole kama najua kwamba chombo changu kimetoboka. Nikasema najua, nimekitoboa mwenyewe, ni cha kutoa mwanga. Akaondoa jani la mgomba, akatoa dagaa mmoja, akamshika mkia.

"Na huyu anatoa mwanga?" akauliza.

Wakaja wenzake wawili, wakajadiliana, wakafungua kitabu. Mwisho wakasema samaki mkavu anaruhusiwa, jani la mgomba haliruhusiwi. Wakanichukulia jani langu. Yule wa miwani aliosha mikono mara mbili, nikamwona.

Elia alikuwa ananisubiri nje na koti kubwa. Alinikumbatia mimi kidogo, akakikumbatia kikapu sana. Alikuwa na zamu ghalani mchana ule, kwa hiyo tukakubaliana anishushe kwa Ba huko Brampton moja kwa moja, dagaa wake achukue Jumapili akija kunipeleka kanisani, kisha kwake Crescent Town tule ugali. Alivuta harufu ya kikapu barabara nzima. Aliniambia, "Shangazi, hii ndiyo nyumbani." Masikini, hakujua kwamba hiyo harufu ndiyo sehemu yake yote atakayoipata.

Brampton, pua ya Ba

Nyumba za kule zimefanana kama matofali ya kalibu moja. Elia aligonga mlango wa jirani kwanza, akatoka Singasinga mwenye kilemba cha bluu, dereva wa malori, akatuelekeza kwa kidole bila kuuliza, maana kila mgeni huanzia kwake.

Ba alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti, sari nyeupe, amekuwa mdogo mno. Nilimwacha Moshi mwanamke mnene wa kugombeza wafanyakazi, nikamkuta kiganja cha mtu. Alinitazama na kunikosa kidogo, macho yakaangukia begani kwangu. Nilipoinama akanishika uso kwa mikono yote miwili akasema nimezeeka. Nikamwambia ameanza yeye. Tukalia kidogo, tukacheka. Kiswahili chake ni kile kile cha dukani Moshi, hakijapungua hata neno.

Akasema nipe. Nikampakatisha kikapu.

Jamani, macho yalikuwa yamekwisha lakini pua ilikuwa ya msichana. Mkono wake haukufika hata kwenye chungu. Ulisimama hewani. Hansa, mke wa Dilip, aliyekuwa amesimama na trei ya chai, aliitua trei juu ya televisheni.

"Nakijwa," Ba akasema, "ndani kuna nini?"

Ningesema uongo ningesema uongo gani? Nikasema dagaa. Kisha, kwa kuwa ukimya ulikuwa mrefu na mimi ukimya siuwezi, nikaongeza kwamba hata hivyo ni dagaa wa Nyumba ya Mungu. Haikusaidia.

Hansa alivaa glavu za kuoshea vyombo, akaziba pumzi, akamimina dagaa wote kwenye ndoo, akaitoa nje nyuma ya gereji. Chungu kikawekwa juu ya gazeti karibu na mlango kama mtoto aliyejisaidia. Ba hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliniambia nimesafiri mbali, nile nilale. Chakula kilikuwa wali laini na dengu, na chapati nyembamba ambazo ungeweza kusomea gazeti, na sikuona ladha yake.

Dilip aliporudi kazini akaniita pembeni. Kitu cha Mataji hakiwezi kuwa kimeguswa na samaki, akasema, hata kwa bahati mbaya. Walikuwa na garbo nyingine waliyonunua dukani, ya plasta, ina vioo vioo na taa ya betri inayobadilisha rangi. Nikaiona. Ikiwashwa inapiga na muziki. Hansa alimletea Ba, akaiwasha, Ba akasikiliza ule muziki mpaka mwisho kwa adabu, akasema izimwe. Alisema alimwahidi Mataji chungu cha Nakijwa, na hawezi kumwambia Mataji amebadilisha mawazo kwa sababu ya betri. Kama si chungu kile basi mwaka huu asiwashe, na mwaka ujao atawasha gizani. Alivyosema "gizani" alikuwa anakunja kipindo cha sari yake, taratibu, kama anakunja kitambaa cha mteja.

Sikulala vizuri. Kosa lilikuwa langu, na anayelipa ni yeye.

Shambani kwa mzee wa ng'ombe

Ijumaa asubuhi nikaamka na hoja. Mnajua wenyewe, Mpare hashindwi kesi, anakata rufaa. Nikaketi mbele ya Ba nikamuuliza: chungu kimezaliwa na nini? Si moto? Kwetu chungu kikinywa harufu mbaya hatukitupi. Tunakirudisha motoni mpaka kiwe chekundu kama kaa, kila kilichokuwamo kinaungua, kinatoka kama siku ya kwanza. Sasa dini yako inasemaje kuhusu moto?

Ba akamwambia Dilip ampigie kasisi wao wa hekaluni. Kasisi ni kijana, katoka India juzi juzi. Alielezwa habari ya dagaa mara tatu maana hakuamini. Mwisho akasema moto husafisha vyote, ila lazima chungu kiwe chekundu kweli, si kupashwa kwenye jiko la umeme. Nikamwambia Dilip amwambie kasisi ana akili.

Sasa fueli. Chungu changu hakichomwi kwa mkaa wa dukani, moto wake unachoma upande mmoja. Nilihitaji nyasi kavu, vijiti, na zaidi ya vyote mavi makavu ya ng'ombe, ndiyo yanayotunza moto sawasawa. Nilipoyataja nilidhani nitafukuzwa sasa. Ba akainua kichwa, uso ukamng'aa. Kumbe kwao ng'ombe ni mtakatifu, na mavi yake husafishia mahali pa sala. Aliwauliza watu wa nyumba yake kwa nini hawajasimama bado.

Basi Dilip, mhasibu, kwenye gari safi linalonukia maua, akanipeleka kaskazini mpaka mwisho wa nyumba, yanakoanzia mashamba. Tukamkuta mzee mmoja Mzungu na ng'ombe wake. Dilip alianza kueleza kwa njia ya kuzunguka, utamaduni, urithi, sherehe. Mzee akadhani tunanunua shamba. Mimi nikaona tunachelewa, nikaenda zangu uwanjani nikaokota bonge moja kavu kabisa, nikaligonga kwa kidole, likalia vizuri, nikamwonyesha. Hili. Akaniuliza nataka ngapi. Alitusaidia kujaza magunia mawili, akakataa malipo. Alichotaka ni kujua tu yanakwenda kufanya nini, na Dilip alipomwambia ni kwa ajili ya mungu wa kike na kwamba tatizo limeanzia kwa samaki, mzee alisema yeye ni Mkatoliki na hana la kuongeza.

Uani, Jumamosi

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku yangu ya tatu nilipewa koleo la kutolea theluji, nikachimba nalo shimo uani, Hansa akitazama majani yake kama anazikwa ndugu. Saa sita mchana nikawasha. Kwanza moto mdogo wa kukipasha chungu, maana ukikistua kinapasuka, kisha nyasi, kisha yale mavi kwa mpango, kama alivyokuwa akipanga mama yangu.

Nilichosahau ni moshi. Hapa moshi ni wangu na wa mlima. Kule uani kuna ua wa mbao, na ng'ambo ya ua kuna jirani, na ng'ambo ya jirani kuna mwingine. Ulipanda moshi mweupe mnene, ukaingia kila dirisha la mtaa. Yule Singasinga alitoka, akatazama juu ya ua, akanusa, akatabasamu peke yake. Alisema kwao kijijini asubuhi zote zilinukia hivyo. Akaleta kiti, akaja kukaa uani kwetu. Lakini si kila jirani alilelewa kijijini. Ndani ya muda mfupi tukasikia king'ora.

Gari la zimamoto la kule ni kubwa kuliko kanisa letu la zamani. Wakaingia uani wanaume watatu na mkuu wao, mama mmoja mrefu mwenye kofia ya chuma, mpira wa maji tayari. Chungu kilikuwa kimeanza tu kuwa chekundu kwenye kitako. Tone moja la maji baridi pale, basi, vigae, na safari hii hakuna posta ya kulaumu. Nikasimama mbele ya moto na kanga yangu nimeikunja kiunoni. Mama yule akauliza tunapika nini. Dilip akasema chungu. Akauliza ndani ya chungu kuna nini. Dilip akasema hakuna kitu, na ndiyo maana tunakipika. Nilimwonea huruma Dilip.

Akasema samahani, ni sheria ya mji, moto wa namna hii lazima uzimwe. Nilikuwa natafuta kifungu cha kumjibu nilipohisi mtu nyuma yangu. Ba alikuwa ametoka na fimbo yake, anafuata joto. Akaketi kwenye kiti cha Singasinga, karibu na moto kuliko hata mimi, akamgeukia Dilip.

"Mwambie asubiri robo saa. Mimi nimesubiri miaka kumi na miwili, na macho haya hayana mwaka mwingine."

Dilip akatafsiri. Yule mama akamtazama Ba, akamtazama Singasinga, akanitazama mimi na kanga yangu. Akawaambia vijana wake washushe mpira. Akasema kabla ya kuzima chochote lazima ajaze fomu. Akatoa kalamu, akajaza ile fomu taratibu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akiandika, herufi moja moja, akimuuliza Hansa jina la mtaa ambalo lilikuwa limeandikwa ubaoni mbele yake.

Chungu kikawa chekundu mpaka mdomoni. Kila tundu likawa jicho la moto. Nikakisogeza kwa vijiti nikakifukia kwenye majivu kipoe polepole, nikamwambia yule mama sasa zima. Akatuachia karatasi ya onyo, Dilip ameiwekea fremu. Chungu kilitoka na baka jeusi upande mmoja. Hansa alitaka kulipaka rangi, Ba akakataa. Akakinusa kwa muda mrefu, nje na ndani.

"Udongo," akasema. Basi.

Siku tisa

Jioni ile Hansa alimimina samli, akaweka utambi wa pamba, Ba akawasha kwa mkono wake, Dilip akimshikilia kiganja. Taa za nyumba zikazimwa. Madoa ya mwanga yakatoka kwenye matundu yakatua ukutani, kwenye dari, kwenye sari ya Ba, usoni mwangu. Ba akainua kidole, akaanza kuhesabu kwa Kiswahili. Moja, mbili, tatu. Akafika kumi na moja, akasimama.

"Yaliyobaki nayakumbuka," akasema.

Nililia waziwazi, siwafichi. Kisha wanawake wakaanza kucheza wakikizunguka chungu na mimi nikavutwa ndani. Mnanijua nilivyo kwenye kwaya. Wote walizunguka huku, mimi nikazunguka kule, nikagongana na shangazi yake Hansa nikamkanyaga, na kesho yake nikafanya vile vile.

Jumapili Elia akaja kwa ajili ya dagaa wake. Tukaenda nyuma ya gereji. Ndoo ilikuwa imelala ubavu, tupu, imelambwa. Kuna mnyama kule, mkubwa kama paka dume, ana baka jeusi machoni kama kavaa miwani, vidole vyake vinafungua mfuniko wowote. Alikuwa amekula dagaa wote wa miaka sita. Elia alisimama pale muda mrefu. Kanisani siku hiyo alisali amefumba macho kupita kawaida. Habari ikamfikia Ba jioni. Aliuliza tu kijana alikuwa amesubiri muda gani. Nikamwambia miaka sita.

Nilikaa siku zote tisa, nikala matunda na viazi pamoja na Ba aliyekuwa amefunga, na ugali Jumapili kwa Elia tu. Kila jioni Ba alihesabu. Siku nyingine tisa, siku nyingine saba. Siku ya mwisho aliniambia nihesabu mimi, kwa sauti, na yeye atasikiliza. Nikahesabu mpaka ishirini na saba. Kesho yake chungu kikapelekwa hekaluni, kama ilivyo desturi yao.

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka Elia alikuja kunichukua. Ba akanisindikiza mpaka mlangoni akiupapasa ukuta. Mkononi ana kikapu changu, kimefungwa juu kwa kipande cha sari, mafundo manne. Na uso wake ameugeuzia pembeni, ncha ya sari imeziba pua.

Akasema, "Nakijwa, kikapu hakirudi kitupu."

Nilikifungua tukiwa barabarani. Elia akaegesha gari. Walikuwa dagaa, wakavu, wamepangwa vichwa upande mmoja.

Hansa ndiye aliyenieleza kwa simu baadaye. Ba aliomba apelekwe kwenye duka la Waafrika. Akaingia mwenyewe, mwanamke wa miaka themanini na moja ambaye hajawahi kugusa hata ganda la yai, akawachagua kwa vidole kwa kuwa macho hayakufaa tena, mmoja mmoja, akiuliza kama vichwa vimo. Akawafunga kwa mkono wake. Kisha akaenda kuoga, akamwomba Mataji radhi, akasema Mataji mwenyewe ni mama, ataelewa.

Nusu nilimwachia Elia pale pale. Nusu ndiyo niliyowapikia Jumapili ile, mkaniuliza kwa nini natoa machozi juu ya sahani, nikasema ni kitunguu. Walikuwa wa Mwanza, najua, na walikuwa na mchanga kidogo. Na wewe Naetwe vichwa uliwatupia paka. Nimekusamehe, hukujua nani aliwahesabu.